Umeme Ulipokatika

Jioni moja ya mwezi wa sita tulikuwa Katuba, nyumbani kwa rafiki yetu, umeme ukakatika. Mara manung'uniko yakaanza. Baba alihesabu hasara ya nyama iliyomo katika friji, mama alitafuta mshumaa, nao watoto waligombana gizani. Tukatoka uani. Kiangazi cha Lubumbashi hufagia mawingu yote, na juu ya mabati nyota zilikuwa zimejaa pasipo hesabu. Tuliwaonyesha watoto Msalaba wa Kusini, na kando yake ile nyota ing'aayo sana, Alpha Centauri. Hiyo ni jirani yetu kati ya nyota, lakini mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 4 kabla ya kufika machoni petu. Kimya kikaingia. Waliogombana wakaketi mkeka mmoja, naye baba hakutaja friji tena mpaka tulipoagana.

Hali hiyo ndiyo kicho: moyo kukutana na jambo kubwa kupita kipimo chake, ukajiona mdogo, wala usione uchungu. Mkristo amelisikia neno hili tangu katekisimu. Siku hizi wataalamu nao wamelichunguza. Mwaka 2020 watafiti wa California, Marekani, walieleza habari za wazee 52 waliotembea kwa miguu dakika 15 kila juma, kwa majuma 8. Baadhi yao waliagizwa watafute njiani mambo ya kustaajabia. Kila safari walijipiga picha. Basi, kadiri majuma yalivyopita, wale wenye kustaajabu walichukua nafasi ndogo zaidi katika picha zao, lakini tabasamu lao likakua. Furaha yao iliongezeka, na huruma kwa wengine pia.

Mwaka 2015, huko huko California, wanafunzi walitazama juu dakika moja tu, penye mikaratusi mirefu. Wenzao walitazama jengo. Kisha mtu akaangusha kalamu zake, kana kwamba ni kwa bahati mbaya. Walioitazama miti walimwokotea nyingi zaidi. Mikaratusi tunayo nasi, na mwezi wa kumi tuna jakaranda zenye kuchanua barabarani. Ni nani kati yetu huinua macho dakika nzima?

Hatusemi ya kwamba kicho kitalipa karo ya shule. Wala haimlazimu mtu kusafiri hadi Kundelungu kuyaona maporomoko ya Lofoi, yaangukayo mita zaidi ya 300, ingawa mwenye nafasi asiikose safari hiyo.

Maana kuna jambo lililotushangaza sisi wenyewe. Dacher Keltner, mwalimu wa chuo kikuu cha Berkeley, pamoja na wenzake walikusanya masimulizi ya watu wa nchi 26 juu ya kicho. Kilichotajwa mara nyingi kuliko milima na bahari ni wema na ushujaa wa watu wengine.

Tukamkumbuka mama mmoja, muuza makala, aliyewapokea yatima wa jirani yake. Mara ya mwisho tulipofika kwake alikuwa akiwagawia bukari: watoto sita, sahani moja, na hakuna aliyenyang'anya. Tulisimama mlangoni, tukasahau haja iliyotuleta.