Sikiliza Kwanza, Kisha Sema



Mwezi huu tuseme juu ya foni. Siku moja kule Walikale muganga alikuwa anaita kwa foni: mama anazaa kwa shida, tuma watu wa kubeba tipoyi. Mara mufanyabiashara mumoja akafinya kifungo, akaanza kuhesabu mifuko ya muchele kwenye frekanse ileile. Sauti ya muganga ikazama. Tukangoja nusu saa. Mama aliokoka, lakini alifika hospitali usiku. Yule ndugu hakuwa mubaya. Hakusikiliza tu.

Frekanse ni sawa vile daraja la muti mumoja. Unaangalia kwanza kama iko mutu juu yake.

Siku hizi hata mashine zimefundishwa adabu hiyo. Rada inatupa mawimbi na kungoja mwangwi, sawa vile mutoto anaita bondeni na mulima unamujibu. Katika migodi mikubwa ya wazi rada hulinda ukuta wa shimo: ukisogea milimita chache, watu wanaitwa watoke. Lakini rada nyingi zikisema pamoja, zinaharibiana. Kwa hiyo wataalamu wanazifundisha kupima kwanza: je, iko nguvu kupita uvumi wa kawaida wa hewani? Kama hapana, njia ni wazi. Vilevile, kwenye mawimbi ya gigahetsi 5 yanayotumiwa na rada, sheria za Marekani na Ulaya zinataka kifaa cha waifai kisikilize angalau sekunde 60 mbele ya kusema. Kikisikia rada, kihame katika sekunde 10.

Tena sikio moja halitoshi. Mulima na umbali vinaficha sauti. Unadhani frekanse ni tupu, kumbe mwenzako wa ngambo anasema. Ndiyo maana mashine zinaulizana: wewe umesikia nini?

Vijana mulio kwenye foni, fanyeni hivi. Mbele ya kufinya, ngoja dakika moja. Kisha uliza: "Iko mutu kwenye frekanse?" Aliyemusikia wa mbali amujibie: "Ngoja, iko mutu." Mugonjwa apite kwanza, muchele utafuata.

Coltan ya Rubaya inatoa tantali, nayo inaingia katika simu na vyombo vingi vya namna hiyo. Isiwe haya kwetu kwamba mawe ya mulima wetu yanajua kusikiliza kuliko sisi.