Inueni macho, jamani

Nilimpelekea mhariri wangu wazo la habari kuhusu mnana wa Clarke. Akaniuliza, "Nani atasoma habari ya ndege?" Basi naiandika hapa.

Mnana huyu haishi popote duniani ila Kilifi, kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke na misitu ya Dakatcha. Dume ni mweusi kichwani na mgongoni, tumbo la manjano. Ukitaka kumwona, amka alfajiri, nenda penye mirihi, usimame kimya. Usimtafute yeye, sikiliza kundi. Hutembea na ndege wengine huko juu vileleni wakipekua majani kutafuta wadudu, na wakishapita wamepita. Manyoya ya mbawa yakiwa na kingo za manjano, ndiye. Mbawa zikiwa nyeusi tupu, umemwona binamu yake.

Wanasayansi walimtambua mwaka 1913. Viota vyake vilipatikana 2013, kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha. Miaka 100 mizima kujua anazalia wapi!

Na mirihi ya Dakatcha ni kati ya miti inayokatwa kwa mkaa. Sisi wa mjini tunapiga kelele tembo akiuawa, halafu jioni tunakula nyama choma bila kuuliza mkaa umetoka wapi. Sisemi tuache nyama choma, hata mimi naipenda. Nasema tuulize. Ndege mwenye kaunti moja tu, akifukuzwa huko, ahamie wapi?