Maandiko Yasiyo na Isnadi Tusiyanunue

Ndugu zangu wa nasaba moja na wa safari moja,

Nitasema neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda, kwa sababu linawagusa watu wa nyumbani mwetu. Katika masoko ya vitu vya kale ya hapa Arlington, na katika minada inayofanywa mtandaoni, naona vikiuzwa vipande vya magombo ya Taurati, vikaratasi vya mezuza vilivyobanduliwa kwenye miimo ya milango, na hirizi za Mayahudi wa Yemen, Uajemi na Moroko. Wanunuzi ni wa kila namna. Wamo Wakristo wapendao kumiliki kitu kilichonukia zama za manabii, na sasa wamo wajukuu wa Wahadhrami na Waomani wa Pwani yetu, ambao huvitundika ukutani pamoja na jambia la babu. Wanasema wanahifadhi turathi. Mimi nasema hivi: andiko la ibada ambalo muuzaji hawezi kutaja limetoka nyumba gani na kwa njia ipi, hatuna haki ya kulinunua, awe ameliandika Myahudi au Mwislamu. Na ya kwetu tusiyauze.

Tuanze na hirizi, maana hiyo tunaijua. Mwandishi wa hirizi wa Kiyahudi, kama mwalimu wetu wa Pwani, humtaja mwenye hirizi kwa jina lake na la mama yake. Hirizi ya mzazi na kichanga hutaja malaika watatu, Sanvi, Sansanvi na Semangelaf, wamlinde mtoto na Lilith. Maana yake ni kwamba ndani ya kile kikopo cha fedha mna jina la mwanamke aliyeogopa kufiwa na mwanawe. Mchuuzi hukifungua, akaikunjua karatasi, akaipiga picha, akaitia bei. Je, angekuwa ni bibi yako, jina lake na la mama yake vikiwa hadharani mbele ya wageni, ungesema huo ni uhifadhi? Na mkumbuke kwamba mafundi wa fedha mashuhuri wa Yemen walikuwa Mayahudi, na waliwafulia Waislamu na Mayahudi kwa nyundo ileile. Kikopo cha hirizi alichovaa mama mkuu wa ukoo wetu alipotoka Hadhramaut huenda kilifuliwa na jirani Myahudi. Heshima tunayomdai mtu juu ya chetu, nasi tunadaiwa juu ya chao.

Gombo la Taurati nalo lina jambo lake. Lina herufi 304,805, zote kwa mkono, juu ya ngozi nyingi zilizoshonwa pamoja. Herufi moja ikikosekana, halifai kusomwa katika ibada mpaka lirekebishwe. Mchuuzi hukata nyuzi akauza ngozi moja moja, kwa kuwa wanunuzi kumi wa kipande ni wepesi kupatikana kuliko mnunuzi mmoja wa gombo zima. Kwa hiyo pesa yetu ndiyo inayoshika mkasi. Hakuna anayekata asiyekuwa na mteja.

Sisi ni watu tuliolelewa na elimu ya isnadi. Hadithi tukiletewa, huuliza kwanza: nani kaipokea kwa nani? Mpokezi mmoja akikosekana katika silsila, wanazuoni huitia daraja ya chini hata maneno yakiwa matamu namna gani. Nashangaa basi kuwaona watu hawahawa wakilipa maelfu ya dola kwa ngozi ambayo muuzaji anasema tu kwamba ilikuwa ya familia fulani ya Ulaya, akakomea hapo.

Ushahidi wa madhara yake hauko mbali. Arlington imekaa kati ya Dallas na Fort Worth. Huko Fort Worth, chuo cha Southwestern Baptist Theological Seminary kilinunua vipande vilivyosemwa kuwa vya Magombo ya Bahari ya Chumvi, na mwaka 2012 kikafungua maonyesho makubwa. Vilikuwa katika kundi la vipande vilivyoanza kujitokeza sokoni baada ya mwaka 2002. Mwaka 2020 jumba la Museum of the Bible la Washington lilitangaza kwamba vipande vyake vyote 16 vya namna hiyo ni bandia: ngozi ni ya kale kweli, lakini wino umepakwa juu yake katika zama zetu. Vya Fort Worth navyo vimetiliwa shaka kubwa na wataalamu. Waliodanganywa hawakuwa wajinga. Walikuwa na maprofesa, fedha na nia njema. Walichokosa ni isnadi, na pengo hilo hazibwi na darubini. Bandia hustawi pale ambapo kutoeleza asili kumekuwa desturi ya soko.

Najua jawabu mtakalonipa, na si jawabu dogo. Mtasema: wakusanyaji ndio waliookoa. Huko makwetu mchwa wamekula, moto umeunguza, mafuriko yamechukua. Bila mgeni mwenye pesa tungekuwa na nini leo? Mtanitajia Misri. Mwaka 1896 Solomon Schechter wa Cambridge alifika katika sinagogi la Ben Ezra, Fustat, ambako Mayahudi kwa karne nyingi waliweka maandiko yao yaliyochakaa, kwa sababu dini yao, kama yetu, inakataza kutupa karatasi yenye jina la Mungu. Alichukua maandiko takriban 193,000. Humo S. D. Goitein na wengine wakasoma barua za wafanyabiashara wa Aden na Malabar, watu waliosafiri kwa pepo za msimu zilezile zilizowaleta wazee wetu Lamu na Unguja.

Kweli, na faida yake naikiri. Lakini tazameni ni kipi kilicholeta faida. Schechter alichukua kwa idhini ya wakuu wa jamaa ile ya Kiyahudi, akayaweka pamoja, na kila mtu akajua yametoka chumba gani. Kabla yake na baada yake wachuuzi walikuwa wakiuza karatasi za chumba hichohicho moja moja, zikatawanyika Oxford, New York, St. Petersburg na kwingineko. Wasomi wametumia zaidi ya miaka mia kuunganisha barua ambayo nusu yake iko mji huu na nusu mji mwingine. Idhini na umoja ndivyo vilivyookoa. Soko la rejareja ndilo lililopasua.

Kuna na kisa kingine kilichopita katika jimbo hili letu. Mwezi Mei 2003, katika ghorofa ya chini iliyofurika maji ya makao ya idara ya ujasusi ya Baghdad, yalipatikana vitabu zaidi ya 2,700 na makumi ya maelfu ya hati za Mayahudi wa Iraki. Serikali ya zamani ilikuwa imeyakusanya kutoka kwa jamaa iliyokwisha hama. Yaliletwa Texas kukaushwa kwa baridi kali, kisha yakapelekwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Mpaka leo pana ubishi: ni mali ya nchi yalikopatikana, au ya wana wa waliofukuzwa? Sisi ambao wazee wetu walitoka Unguja mwaka 1964 na kifurushi kimoja tunajua uchungu wa swali hilo. Ubishi huo ni halali, kwa kuwa asili ya hati inajulikana na kila upande una hoja. Na vipande vya Taurati vilivyoharibika visiweze kutengenezwa vilizikwa makaburini New York mwezi Desemba 2013, kwa dua, kama ada yao inavyotaka. Vingeuzwa kwa bei kubwa. Vikazikwa. Hapo niliona watu wanaojua walichonacho.

Nasi tuna chetu. Katika kabati za Houston na Dallas mna juzuu, maulidi, tenzi na vitabu vya falaki vilivyoandikwa Lamu, Pate na Unguja, pembeni mwake pakiwa na tarehe za kuzaliwa watoto na madeni ya karafuu. Wazee wakifa, vijana hawasomi hati za Kiarabu, na mchuuzi hubisha hodi. Anayesema hakuna njia ila kuuza, na atazame Lamu. Hati za msikiti wa Riyadha, chuo alichokiasisi Habib Saleh, zilipigwa picha kwa msaada wa mradi wa British Library wa hifadhi zilizo hatarini. Picha zimesafiri duniani, na hati zimebaki mahali pake. Na kwa wanaofikiria kununua moja kwa moja kutoka Pwani, Kenya ina sheria ya turathi ya mwaka 2006, na kitu cha kale hakitoki nchini bila kibali.

Basi nawataka mambo manne. Andikeni leo, kwa kalamu, kila hati mliyo nayo ilitoka kwa nani na ikamfikia nani. Ipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na yale ya pembeni. Iliyochakaa izikeni kwa heshima. Na mkikuta gombo au hirizi ya Kiyahudi mezani kwa mchuuzi, muulizeni silsila yake. Akinyamaza, rudisheni pochi mfukoni. Kama tayari ipo nyumbani kwenu, kabisheni hodi katika sinagogi lililo karibu mkaulize wao wanaonaje. Sinagogi halitawalipa, pengine. Lakini litajua la kufanya na jina la yule mama.