Kinanda Kimoja Hakijengi Chama

Eti okestra ni mambo ya Wazungu! Nimeyasikia haya barazani, nimeyasikia ndani ya daladala, na juzi nimeyasikia tena kwa mshikaji mmoja anayeandika mashairi mazuri tu. Alisema kwa kujiamini kabisa: sisi watu wa Pwani tuna ngoma zetu, okestra waachiwe wenyewe wenye makoti meusi. Nilinyamaza kwa sababu chai alilipa yeye. Leo ukurasa ni wangu, nitasema.

Mwaka 1905, Mji Mkongwe wa Unguja, vijana walikusanyika wakaunda chama cha muziki, wakakiita Nadi Ikhwan Safaa. Nasema vijana, ndugu msomaji, si wazee wenye mvi tunaowaona leo pichani. Muziki wa Misri ulikuwa umeshaingia kisiwani zamani. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ganuni. Lakini huo ulikuwa muziki wa jumba la mfalme. Vijana wa 1905 waliutia katika chama, na chama kina mazoezi, kina ada, kina ugomvi na suluhu zake.

Sasa hesabu ala zake: udi, nai, dufu, rika, safu ya fidla, ganuni yenye nyuzi zaidi ya 70, na baadaye akodiani, chelo na besi. Watu hao wanakaa chumba kimoja, kila mmoja anamtegea mwenzake sikio, maana ganuni ikikimbia peke yake wimbo umeharibika. Kama hiyo si okestra ya ukumbini, basi nieleweshwe okestra ni kitu gani. Hata jina lao si la kubahatisha. Ikhwan Safaa ndilo jina la udugu wa wanazuoni wa Basra wa karne ya 10, walioandika risala zinazohesabiwa kuwa 52, mojawapo ikihusu muziki, na wakaficha majina yao. Waandishi wasiotaka sifa! Siku hizi utawapata wapi?

Nina ugomvi na makundi matatu. Kundi la kwanza ni la wanaosema kinanda cha umeme kimemaliza kazi. Miaka ya 1990 taarabu ya kisasa ilipovuma, East African Melody na wenzao wakajaza kumbi, wengi waliona fidla ni mzigo. Sikidharau kinanda. Bwana harusi hana uwezo wa kulipa na kulisha watu ishirini, hilo naelewa. Lakini kinanda kinatoa sauti ya fidla bila ya kumfundisha mtoto yeyote fidla. Katika okestra kuna kiti cha nyuma. Anakaa pale kijana anayekosea, walio mbele wanamfunika, mwaka huu anakosea mara kumi, mwakani mara tatu, halafu siku moja anasogezwa mbele. Kinanda hakina kiti cha nyuma. Hapo ndipo hasara ilipo, na haionekani usiku wa harusi. Inaonekana miaka thelathini baadaye, mzee wa ganuni anapozikwa na ganuni inatundikwa ukutani.

Kundi la pili ni wale wenye kulia "asilia, asilia", kila kipya kwao ni haramu. Hawa nao hawajasoma historia ya chama wanachokililia. Mwanzoni Ikhwani Safaa ilikuwa ya wanaume na waliimba Kiarabu. Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili, na lugha ya watu ikaingia kwenye santuri. Mwaka 1958 vijana wa upande wa Afro-Shirazi walianzisha Shime Kuokoana, kikundi kilichokuja kuwa Culture Musical Club. Ikhwani wenyewe wakahamia Kiswahili, na leo huwezi kuwataja bila kumtaja bibi kama Rukia Ramadhani. Wangeng'ang'ania ya 1905, wangekufa kabla babu zetu hawajaoa. Waliishi kwa sababu walibadilika wakiwa pamoja.

Kundi la tatu ni sisi. Ndiyo, sisi tunaoandika humu. Wimbo wa taarabu hauanzi na fidla, unaanza na shairi. Mtu analeta maneno, mwingine anayatilia muziki, mwingine anayaimba, na mara nyingi mtunzi hajulikani na wasikilizaji. Sasa niambieni, ni nani kati yetu amewahi kupeleka shairi lake chamani? Tunaandika mapenzi, tunaandika njaa ya mji, tunajisomea wenyewe, tunapigiana makofi. Mwaka 2005 Ikhwani Safaa ilitimiza miaka 100, na kampuni moja ya muziki ya Ufaransa, Buda Musique, ikatoa CD ya karne hiyo. Mfaransa ametoa CD. Sisi tumeandika nini? Shaaban Robert, kwa ukubwa wake wote, hakuona aibu kukaa chini kuandika wasifu wa Siti. Sisi tunaona aibu ya nini?

Najua jibu. Tunaogopa kiti cha nyuma. Tunataka jina liwe juu, picha iwe kando, na shairi lisiguswe. Mtungaji wa muziki akisema ubeti wa tatu hauimbiki, tunanuna. Lakini bwana, hata jarida hili ni kiti cha nyuma. Nami nimekosea humu mara ngapi, wenzangu wakanifunika.

Basi yule mshikaji wa chai nimemwambia hivi: chagua shairi lako moja, lile unalolipenda zaidi, ukawape wenye fidla. Wakikwambia ubeti wa tatu haufai, uandike upya. Bado hajanijibu.