Samaki hana kosa

Kandokando ya ziwa Kivu twasikia siku hizi maneno ya namna mbili. Wengine wanasema: «Tuache kula sambaza, wamejaa plastiki, ni sumu.» Wengine wanajibu: «Hayo ni mambo ya wataalamu wa mbali. Babu zetu walikula samaki wa ziwa, nasi tutakula.» Twasema wazi kwamba wote wanakosa, na kosa lao linamwumiza mtu yule yule, ndiye maskini.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Plastiki haiozi kama jani la mgomba. Jua linaikausha, mawimbi yanaisaga, nayo inavunjika mpaka inakuwa chembe ndogo kuliko punje ya mchele, na nyingine hazionekani kwa macho. Wataalamu wanahesabu humo kila kipande kisichofika milimita 5. Hata nguo za nailoni zikifuliwa zinaacha nyuzi majini. Samaki anazimeza akidhani ni chakula. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza habari ya samaki walionunuliwa sokoni Mwanza, kwenye ziwa Victoria: kwa sangara na kwa sato pia, mmoja katika kila watano alikuwa na plastiki ndani yake. Bahari nayo haikuokoka. Kome wa baharini huchuja maji ili wapate chakula, basi wanapokea na plastiki iliyomo. Anayekimbia sambaza na kununua samaki wa barafu kutoka baharini hajakimbia kitu.

Je, samaki ni sumu? Sehemu kubwa ya chembe hizo hukaa katika matumbo. Samaki mkubwa hupasuliwa, matumbo yakatupwa. Lakini sambaza na ndagala huliwa wazima, kama vile kome. Mwaka 2022 Shirika la Afya la Ulimwengu lilisema kwamba ushahidi uliopo hautoshi kupima hatari ya chembe hizo kwa mwili wa mtu. Bali hatari ya mtoto anayekula bugali mtupu yajulikana tangu zamani: miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi, bwaki inamshika. Anayemwambia mama maskini aache sambaza, amwonyeshe kwanza feza ya kununulia nyama.

Sasa twawageukia wale wa pili. Babu zetu walikula samaki, ni kweli, lakini hawakutupa sashe ziwani. Sambaza wenyewe waliletwa Kivu kutoka ziwa Tanganika mwishoni mwa miaka ya 1950, ili watu wapate chakula. Wale walitia chakula ziwani. Sisi twatia takataka. Huko Bukavu plastiki inafuata maji mpaka bwawa la Ruzizi, inazuia mashini za umeme, kisha twalalamikia giza. Ile inayopita inashuka Tanganika, kwa ndugu zetu wa Uvira na Kalemie. Kutoka huko mto Lukuga unaipeleka Lualaba, na mto Congo unaifikisha baharini.

Wala tusiseme kwamba sheria hakuna. Tarehe 30 Desemba 2017 Serikali yetu ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Rwanda ilizikataza tangu mwaka 2008. Mtu wa Goma akivuka kwenda Gisenyi anaiacha sashe yake mpakani. Akirudi anapokea nyingine sokoni. Basi kuweza anaweza! Na wakubwa walioandika sheria, mbona hawaisimamii? Mbona mitaa mingi haina pahali pa kutupa takataka?

Lakini tusiwanyoshee kidole wakubwa peke yao. Tazameni kiwanja cha kanisa baada ya sikukuu ya parokia: sashe za maji na chupa kila upande, na mvua ya kwanza inazisukuma ziwani. Ziwa ni mali ya wote. Anayelichafua anamwibia mvuvi na watoto wake, na hiyo ni amri ya saba. Wangapi kati yetu wanalikumbuka jambo hilo wanapojichunguza kabla ya kuungama? Katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba kutunza viumbe na kuwahurumia maskini ni kazi moja. Mwenye kula sambaza kila siku ndiye maskini. Yeye ndiye anayerudishiwa takataka zetu katika sahani yake.

Basi, mama, chukua kikapu unapokwenda sokoni. Samaki mkubwa mpasue, umtoe matumbo. Usiwashe makala kwa sashe, sababu moshi wake unadhuru kifua cha mtoto. Baba, usitupe chupa mferejini, maana kila mfereji hapa unakwenda ziwani. Nanyi wakubwa wa jumuiya, sikukuu isihesabiwe kwisha mpaka kiwanja kimeokotwa.

Tule samaki, na tumshukuru Mungu. Lakini mkono unaofanya ishara ya msalaba juu ya sahani, usiwe ule ule uliotupa sashe ziwani.