Rimu za STI kwenye Impreza ya kawaida ni usajili wa nusu

SIKU ya mechi kubwa, kwenye maegesho ya Uwanja wa Mkapa kuna ligi nyingine inachezwa. Jezi nyekundu huku, njano na kijani kule, na katikati yao Subaru zimepangwa kama kikosi kinachopiga picha kabla ya filimbi. Mashabiki wanaacha kubishana kuhusu namba sita, wanaanza kubishana kuhusu rimu.

Wachezaji nao wamo. Dogo akitoka timu ya mkoani na kusaini mkataba mnono, hela ya kwanza inakwenda kwa mama, ya pili inakwenda kwenye Impreza. Ya tatu inakwenda kwenye rimu. Hapo kwenye ya tatu ndipo watu wanapojimaliza.

Kuipenda Subaru si kosa. Jina lake lilipikwa kwenye vumbi la Afrika Mashariki. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda tena na gari hilo mwaka 2000. Kijana anayetaka gari lake lifanane na yale ya mashindano ana sababu.

Shida ni matundu. Impreza nyingi za kawaida, na Forester za miaka mingi, zina nati tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 100. Impreza STI kuanzia toleo la 2005 ilihamia duara la milimita 114.3. Ukizitazama kwa mbali ni zilezile, tano kwa tano. Ukipima, kila tundu limesogea nje kwa milimita saba na ushee. Rimu ya STI haiingii, hata fundi akiapa kwa jina la babu yake.

Mtaani zipo njia za mkato. Kuna anayetoboa rimu matundu mapya kando ya yale ya zamani. Huyo anacheza na roho za watu. Kuna anayefunga spesa yenye nati za aina mbili, upande mmoja 100, upande wa pili 114.3. Spesa nzuri, iliyokaa sawasawa kwenye habu na kukazwa kwa kipimo, inaweza kufanya kazi. Lakini inasukuma tairi nje na kuiongezea beringi mzigo, na nyingi za bei rahisi hakuna anayejua zimetengenezwa kwa chuma gani. Nati zake za ndani zikilegea, dereva hazioni.

Njia ya tatu ndiyo ya kiume: kung'oa habu, ekseli na breki za gari la kawaida na kufunga za STI. Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayofanywa nusu nusu.

Wengi wanaanzia nyuma. Wanakwenda Gerezani au Ilala, wanapata habu za nyuma na kalipa za Brembo za mtumba, wanafunga, wanapiga picha. Lakini kwa nyuma habu haitembei peke yake. Hendibreki ya Subaru hizi ni dramu ndogo iliyojificha ndani ya diski, na ya STI ni kubwa kuliko ya WRX. Diski ya STI lazima iende na viatu vyake. Shafti nazo zina mambo yake. STI ina difu kubwa inayoitwa R180, wakati WRX ya kawaida ina R160. Ukichukua shafti za moja ukazipeleka kwenye difu ya nyingine, hazikubali. Hapo ndipo safari ya kununua rimu inapogeuka safari ya kununua difu.

Halafu kuna mbele. Gari lililobadilishwa nyuma tu lina matundu ya aina mbili. Tairi ya akiba itaingia upande mmoja, upande wa pili ni mapambo. Na hata aliyebadilisha pande zote, akiweka Brembo za mbele, rimu ya akiba ya inchi 16 haipiti juu ya kalipa. Pancha ikitokea Mikumi usiku, atalala na tembo.

Lakini pancha ni maumivu madogo. Kubwa ni uwiano wa breki. Gari limetengenezwa ili mbele ishike zaidi, kwa sababu likifunga breki uzito unakimbilia mbele. Ukiipa nyuma nguvu na mbele ukaacha ya zamani, kwenye lami yenye mvua nyuma inajifunga kwanza na mkia unataka kupita mbele. Ni kama klabu inayosajili mabeki wa pembeni wa kupanda na kushuka, halafu kiungo wa kuwafunikia hayupo. Mazoezini inapendeza. Mechini inapigwa tano.

Na mechi ya gari si pale Mkapa kwenye foleni. Mechi ni msafara wa mashabiki ukirudi Dar kutoka Uwanja wa Sokoine, Mbeya, gari limejaa watu wanne na ngoma, unaanza kuteremka Kitonga. Kona moja, kona ya pili, lori mbele. Pale rimu haimsaidii mtu.

Kwa hiyo mwenye kutaka matundu ya 114.3 anunue seti nzima kutoka gari moja: habu nne, beringi, diski, kalipa, hendibreki, shafti na difu inayolingana nazo, kisha breki zijaribiwe barabara tupu kabla ya abiria kupanda. Kama bei hiyo inamshinda, rimu nzuri za duara la 100 zipo. Anunue hizo, na chenji aweke pedi mpya.

Dogo aliyesaini mkataba wa miaka mitatu anahitaji kufika mwaka wa tatu.