Usipoziba ufa utajenga ukuta: chasisi za magari ya zamani na mafundi wa Alexandra

Wahenga walituachia methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunadhani hakuna mahala methali hiyo inapofaa zaidi kuliko chini ya gari la zamani, pale fundi anapolala chali juu ya kipande cha boksi na kuukuta ufa kwenye chasisi. Katika kitongoji cha Alexandra, jijini Johannesburg, Afrika Kusini, kazi ya kuunga nyufa za aina hiyo ni riziki ya watu wengi, na kwa abiria ni suala la uhai na kifo. Maoni yetu ni kwamba kazi hiyo isipigwe marufuku wala isiachwe holela. Ifundishwe, ikaguliwe na itambuliwe.

Inafaa kukumbusha hapa historia ya mahala penyewe. Alexandra iliasisiwa mwaka 1912, na ilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambako Mwafrika aliweza kumiliki kiwanja kwa hati. Usafiri umekuwa kidonda chake tangu zamani. Januari mwaka 1957 nauli ya basi ilipopandishwa kwa peni moja tu, kutoka peni nne hadi tano, wakazi walisusia mabasi na kwa miezi kadhaa wakatembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi. Wenye magari waliothubutu kuwapa lifti walisimamishwa na polisi na kusumbuliwa. Kwa hivyo, katika kitongoji kile gari, hata likiwa kuukuu, halikuwa pambo. Lilikuwa njia ya kujikomboa.

Magari hayo mengi yaliundwa nchini humo humo. Kampuni ya Ford ilianza kuunganisha magari Port Elizabeth katika miaka ya 1920, General Motors ikafuata mwaka 1926, na Volkswagen ikaunda gari lake lile la mgongo wa mviringo huko Uitenhage kuanzia mwaka 1951 hadi 1979. Miji hiyo sasa inaitwa Gqeberha na Kariega. Ni wazi kwamba chuma kilichokunjwa miaka 50 iliyopita, kikabeba mizigo kupita kiasi na kupigwa na mashimo ya barabara, lazima kichoke. Kutu hula kutoka ndani, mahali jicho lisipofika, na ufa huanzia pale penye mzigo mkubwa: inaposhikwa springi, inapofungwa shokapu, kwenye sanduku la usukani, au kwenye tundu la bolti lililotobolewa ovyo.

Je, ufa huo huzibwaje? Fundi anayeijua kazi yake haanzi na moto. Kwanza hupima chasisi kwa kamba, pembe kwa pembe, kuona kama imepinda. Kisha huondoa rangi na kutu mpaka chuma king'ae, na kutafuta mwisho wa ufa. Wenye uwezo hupaka dawa nyekundu, wakaifuta, kisha wakapulizia unga mweupe, na ufa hujichora wenyewe kwa mstari mwekundu. Ncha ya ufa hutobolewa tundu dogo ili usiendelee kukimbia. Ufa wenyewe huchimbwa kwa grainda uwe kama mfereji, betri hufunguliwa, mafuta huwekwa mbali, ndipo kuchomelea kunapoanza, kwa vijiti vilivyotunzwa vikavu.

Hata hapo kazi haijaisha. Mara nyingi huhitajika kiraka cha chuma juu ya maungio, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kiraka kilichokatwa mraba na kuchomelewa wima moja kwa moja kwenye chasisi huzaa ufa mpya kando yake, kwa sababu nguvu yote hukusanyika kwenye mstari mmoja. Kiraka chema huchongwa ncha zake ili mzigo ugawanyike taratibu. Na kama chanzo cha ufa ni springi iliyokufa au mzigo uliozidi, basi kuchomelea bila ya kuondoa chanzo ni kupoteza umeme. Vilevile kuna vyuma ambavyo havipaswi kuchomelewa kabisa, hususan viungo vya usukani. Hivyo hubadilishwa tu.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuficha. Ufa unaojazwa puti, ukapigwa msasa na kupakwa rangi nyeusi, unaonekana umepona kumbe unaendelea kukua gizani. Anayelipa gharama ya udanganyifu huo ni mnunuzi, na baada yake watoto waliokaa kiti cha nyuma. Sheria ya Afrika Kusini hulitaka gari la mtu binafsi lifanyiwe ukaguzi linapobadilisha mmiliki. Gari lisilouzwa linaweza kutembea miaka 20 bila mkaguzi kulichungulia chini. Kwa maneno mengine, jicho la pekee linaloona chasisi hiyo ni jicho la fundi wa uani.

Kuna wanaosema suluhisho ni kuyavunjavunja magari yote makuukuu. Serikali ya Afrika Kusini ilijaribu njia hiyo kwa teksi za abiria. Katika mpango ulioanza mwaka 2006 mwenye teksi kuukuu aliahidiwa randi 50,000 akiisalimisha ipondwe. Hatuupingi mpango huo, lakini fedha kama hizo hazikumlenga mwenye gari lake binafsi ambalo amelirithi kwa baba na ndilo linalompeleka kazini. Kumwambia mtu huyo anunue jipya ni kumcheza shere. Ng'ambo ya barabara kuu kuna Sandton na maduka ya magari ya kifahari, lakini mifuko ya pande hizo mbili hailingani.

Tunaloliona kuwa la busara ni kumpeleka fundi mbele. Afrika Kusini tayari ina utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana kazini, na mtihani wa ufundi hufanyika Olifantsfontein, kati ya Johannesburg na Pretoria. Mwongozo wa Tume ya Ushindani ulioanza kutumika Julai 2021 nao umewafungulia mlango mafundi wasio wa kampuni kubwa. Kinachokosekana ni daraja la kutoka uani hadi kwenye mlango huo: mafunzo ya jioni kwa bei nafuu, na kituo ambako gari lililochomelewa litakaguliwa bila ya mwenyewe kuogopa kunyang'anywa.

Daraja hilo liwe la wote. Hatujasahau kwamba mashambulizi dhidi ya wageni ya Mei 2008, yaliyoua watu zaidi ya 60 nchini humo, yalianzia Alexandra. Mwenye mkono mzuri wa kuchomelea apimwe kwa mshono wake, si kwa lafudhi yake.

Na sisi wa Afrika Mashariki tusidhani tunasoma habari za jirani. Land Rover zilizochomelewa mara tano zinapanda milima yetu kila siku, na mafundi wa Gerezani mjini Dar es Salaam na wa jua kali mjini Nairobi wanazijua nyufa zile zile. Nchini Tanzania, VETA nayo ina utaratibu wa kuwatambua waliojifunza kazini. Swali ni mafundi wangapi wa mitaani wamewahi kuelezwa hivyo kwa lugha wanayoielewa.

Kwa msomaji mwenye gari la zamani tuna ombi dogo. Kabla hujalipia rangi, inama uangalie chini. Ukikuta puti mpya kwenye chasisi ya zamani, uliza kilichofunikwa. Na fundi akikwambia kazi ya chasisi itachukua siku tatu, usimkimbilie mwenzake anayeahidi kuimaliza kwa saa moja.